Baridi kwa Mujibu wa Sheria

Wageni wanaofika nchini kwetu mwezi Januari hushangaa kutukuta tumevaa makoti ya sufu na kofia za kufunika masikio, jua likiwa utosini, na wengine hukosa adabu kiasi cha kuuliza kwa nini. Ninaandika habari hizi ili wasiulize tena. Mimi naitwa Hizza, Mpimaji wa Mitetemeko Daraja la Pili, na kila nitakachosema nilikiona kwa macho yangu au nilikitia saini kwa mkono wangu.

Zamani tulikuwa na masika na kiangazi tu, kama watu wasio na mipango. Kisha Mtukufu, Baba wa Taifa na Mlezi wa Mawingu, akapata maumivu ya goti akaenda kutibiwa nchi za kaskazini kabisa. Hospitali zetu ni nzuri, na kwa kuwa yeye ndiye aliyezifungua zote, alijua vizuri kwamba ni heri aende kwingine. Kwenye ukumbi wa hoteli aliyofikia huko akakuta sanamu ya mti: mwanamume mwenye ndevu, upinde mkononi, ngao mgongoni, amesimama juu ya mbao mbili ndefu za kutelezea thelujini. Akauliza huyu ni nani. Mchukuzi wa mizigo akamweleza kwamba ni Ulli, mungu wa baridi na uwindaji wa watu wa kale wa huko, mtoto wa kambo wa mungu wa radi. Radi kila mtu anamjua. Ulli hana anayemjua. Wazee wa kale waliapa kwa pete yake, lakini hadithi zake zimepotea karibu zote, na siku hizi hata wenyeji ukiwauliza watakuonyesha njia ya kwenda baa.

Mtukufu aliguswa. Walinzi wake wanasimulia kwamba alisimama mbele ya ile sanamu akitikisa kichwa, akasema maskini huyu ana baridi na ana silaha lakini hana watu, na yeye ana watu na silaha lakini hana baridi. Siku ya tatu wakarudi pamoja, sanamu imefungwa mkanda kwenye kiti cha daraja la kwanza, nayo ikaandaliwa chakula kama abiria wengine.

Viongozi wa dini walipoitwa Ikulu kuarifiwa, walikataa katakata kuletewa mungu mwingine. Mtukufu akawatuliza kwamba huyu hatakuwa mungu, atakuwa waziri. Wakashusha pumzi. Waziri wa mti hawakuona kama atawasumbua kuliko hawa waliowazoea, wakaomba dua na kunywa soda.

Basi Ulli akaapishwa kuwa Waziri wa Majira ya Baridi na Uwindaji. Kwa kuwa ile pete yake ya kuapia haikuja naye, waliazima pete ya funguo za dereva. Akapewa gari, walinzi sita, na naibu, Mheshimiwa Kitundu, ambaye kazi yake ni kusikiliza Waziri amesema nini na kutueleza sisi. Lazima niseme kwamba katika muda wote wa utumishi wake Waziri Ulli hakuwahi kusema uongo, kuchelewa kikao wala kumshika kiuno katibu muhtasi. Wafanyakazi wengi tulimpenda.

Sheria ilipitishwa wiki ileile. Mtukufu alikuwa amerudi pia na kalenda ya ukutani ya ile hoteli, na katika kalenda hiyo picha za theluji zilikuwa Desemba, Januari na Februari. Kwa hiyo baridi yetu ikapangwa kuanza tarehe mosi Desemba saa sita mchana na kwisha tarehe ishirini na nane Februari saa sita mchana. Ni miezi ileile ambayo kwetu lami hulainika na mbuzi hulala ndani ya mtaro. Mkurugenzi wa hali ya hewa aliandika barua kueleza jambo hilo, akastaafishwa kwa heshima zote, na barua yake ikajibiwa baada ya yeye kuondoka.

Sasa, baridi ilikuwa imepatikana, lakini Waziri ni wa uwindaji pia, na cha kuwinda hakikuwepo. Mawaziri waliomtangulia walikuwa wameshauza tembo, pofu, swala, hadi ngiri. Nchi nzima alibaki kobe mmoja wa makumbusho, naye alikuwa mgonjwa. Mheshimiwa Kitundu ndiye aliyelitatua jambo hili, Bungeni, jasho likimchuruzika kwenye ukosi wa manyoya.

"Waheshimiwa, sayansi iko wazi. Binadamu akipatwa na baridi hutetemeka. Asiyetetemeka ana manyoya, hata kama hayaonekani. Mwenye manyoya ni mnyama. Na wanyama wote wa nchi hii, kwa mujibu wa Katiba, wako chini ya wizara yangu."

Walimpigia makofi mpaka wawili wakazimia kwa joto. Hao walioanguka waliandikwa kwenye kumbukumbu za Bunge kama waathirika wa kwanza wa baridi.

Hapo ndipo mimi nilipopata ajira. Kazi yetu wapimaji ni rahisi kueleza. Raia anaingia, anapewa kikombe kilichojaa maji hadi ukingoni, kimekaa juu ya kisahani, anakishika kwa mkono mmoja mbele yake kwa dakika moja. Mpimaji anahesabu matone yanayomwagika. Yakifika thelathini, huyo ni raia na anapewa cheti cha msimu mzima. Yasipofika, huyo ni mnyama, ila sheria yetu ina huruma, inampa siku kumi na nne za kukata rufaa. Anayeshindwa rufaa huhifadhiwa zizini hadi Uwindaji Mkuu, saa nne asubuhi siku ya mwisho ya msimu, Mtukufu anapoteleza kwa mbao zake katika Uwanja wa Taifa na kupiga mishale.

Theluji ilikuwa ni unga wa mahindi. Walijaribu chokaa ikawasha macho ya Mtukufu, wakajaribu pamba ikanasa kwenye mbao. Unga uliteleza vizuri. Mwaka huo ndio mwaka ambao foleni za unga zilianza alfajiri na kwisha bila unga, na wanawake walipopita nje ya uzio wa uwanja walisimama kidogo kunusa. Ikabidi iongezwe sheria ndogo dhidi ya kulamba theluji.

Watu walijifunza upesi. Waliacha kunywa chai asubuhi, wakabeba mawe kabla ya kupimwa ili mikono ichoke, na mwalimu mmoja wa shule alifungua darasa la kutetemeka likajaa. Wengi walipita. Aliyeshindwa, na ndiye aliyenifanya niandike, ni jirani yangu Matari.

Matari alikuwa fundi wa matofali. Nyumba yangu imejengwa kwa matofali yake, na hakuna ukuta wangu hata mmoja wenye ufa. Miaka ishirini alisimama mbele ya tanuri la kuchomea, akayatoa matofali yakiwa bado ya moto na kuyapanga kwa mikono mitupu. Mikono ya namna hiyo haitetemeki. Alikishika kikombe changu kama anavyoshika tofali, na dakika ilipokwisha yalikuwa yamedondoka matone sita. Niliandika sita. Ningeweza kuandika thelathini, tulikuwa peke yetu chumbani, lakini mimi ni mtaalamu.

Alikata rufaa. Siku ya kumi na moja ya rufaa yake, akiwa bado anabeba mawe na kujinyima chai, akaugua malaria.

Mkewe, Zawena, alimleta ofisini kwa mkokoteni. Meno yalikuwa yanagongana mpaka unayasikia ukiwa mlangoni. Nikampa kikombe. Kabla dakika haijafika nusu, kikombe kilikuwa hakina maji na kisahani kimevunjika. Niliandika matone mia na kumi na saba, makadirio, na ofisi nzima ikasimama kumpigia makofi. Hakuna mtu aliyewahi kuhisi baridi ya Mtukufu kwa unyofu ule. Jioni hiyohiyo Mheshimiwa Kitundu alikuja mwenyewe kumwona, akamgusa paji la uso, akatoa mkono haraka, akamtangaza kuwa Mtetemekaji Bora wa Taifa.

Kuanzia hapo Matari akawa mali ya serikali. Walimvalisha koti lenye nishani, wakawa wanampeleka kwenye dhifa kuonyeshwa kwa mabalozi, ambao walimtazama akitetemeka na kuandika kwenye taarifa zao kwamba hali ya hewa ya nchi yetu inaendelea vizuri. Wakamchukua alama ya dole gumba kwenye karatasi kumi nyeupe, kwa matumizi ya baadaye. Na ili asije akaharibika, Wizara ikapiga marufuku dawa za malaria katika mkoa mzima, kwa kosa la kuhujumu majira.

Zawena alilielewa jambo hili kabla yetu sote. Mumewe akipona, ataacha kutetemeka. Akionekana hatetemeki, cheti chake kitafutwa na atapelekwa zizini. Asipopona, atakufa. Kilichokuwepo katikati ni njia nyembamba sana, na yeye akaishika. Alikuwa na dozi mbili za vidonge alizozificha ndani ya chumvi. Dozi moja akaigawa. Mtu mzima humeza vidonge vinne kwa mara moja. Yeye alimpa nusu kidonge, na siku nyingine hakumpa kitu, akimshika mumewe shingoni asubuhi na mchana kama wanavyopima joto la tanuri, akiona homa inazidi anampa, akiona inashuka anaacha. Alimweka mgonjwa kiasi cha kutosha kuwa raia. Alifanya hivyo kwa wiki sita. Nilikuwa namwona uani kwake akiwa amekaa na kile kikopo cha chumvi, anakitazama, na nilikuwa najua kuna nini ndani, na sikumripoti. Ninaomba hilo likumbukwe.

Katikati ya mambo haya Waziri naye alipata matatizo ya kiafya. Mchwa walimwingia miguuni. Mheshimiwa Kitundu alitangaza kwamba Waziri amepungua uzito kwa wingi wa kazi, na kwamba hana nia ya kujiuzulu. Ilipofika Februari alikuwa amebaki kuanzia kifuani kwenda juu, wakawa wanamweka kwenye mto wa kitambaa cha dhahabu, na vikao viliendelea kama kawaida.

Tarehe ishirini na nne Februari, Zawena alikuja kwangu asubuhi nikiwa napiga mswaki. Matari alikuwa hamtambui tena. Mkojo wake umekuwa mweusi. Alikuwa anaita majina ya watu waliokwisha kufa.

"Shemeji, zimebaki siku ngapi?"

Nikamwambia nne.

"Nikimpa dozi nzima kuanzia leo, atapona lini?"

Nikamwambia mimi si daktari.

"Najua wewe ni nani. Nakuuliza atapona lini."

"Siku tatu. Homa inaweza kukata hata kabla."

"Nitasema amelala, anapumzika kwa ajili ya sherehe. Cheti chake si kinafika mpaka tarehe ishirini na nane?"

"Kinafika, saa sita mchana."

"Na baridi inakwisha saa sita hiyohiyo."

"Inakwisha."

"Niapie, Hizza."

Hakuwahi kuniita kwa jina langu tangu aolewe. Nilitema povu, nikamwapia kwa mama yangu.

Matari alipona. Nasikitika kuandika hivi lakini alipona vizuri mno. Siku ya pili alimtambua mkewe, siku ya tatu akaomba uji, na kwa kuwa unga haukuwepo alipewa maji ya ndizi akayamaliza, akaomba tena. Nilimsikia akicheka upande wa pili wa ukuta wangu. Zawena alikuwa akimsihi acheke polepole, naye anacheka. Nilifurahi sana, sina sababu ya kuficha, nilikaa kitandani nikafurahi peke yangu.

Tarehe ishirini na saba mchana, goti la Mtukufu likamsumbua. Asingeweza kuteleza kesho yake. Baada ya nusu saa redio ikakatiza muziki na Mheshimiwa Kitundu akatangaza kwamba, kwa ombi la wananchi wenyewe, walioandika kwa maelfu wakilia baridi isiondoke, majira yameongezwa siku tatu. Ombi lilisomwa lote. Dole gumba la kwanza kwenye orodha lilikuwa la Mtetemekaji Bora wa Taifa.

Sasa vyeti vyote vilikuwa na tarehe ya mwisho ileile, ishirini na nane, saa sita. Kwa zile siku tatu nchi nzima haikuwa na raia hata mmoja. Ikaamriwa kila mtu apimwe upya, na kwa kuwa rufaa huchukua siku kumi na nne na baridi imebakiza mbili na ushee, rufaa zikafutwa.

Matari alikuja kwa miguu yake, tarehe mosi Machi, amevaa lile koti la nishani. Foleni ilimpisha. Mheshimiwa Kitundu alikuwa amekaa pembeni yangu kushuhudia shujaa akipimwa. Nikampa kikombe. Alijitahidi. Nilimwona anavyokaza bega, anavyojaribu kuukumbuka ugonjwa, lakini mkono ulikuwa umepona, na mkono wa Matari ukipona haujui kuongopa. Maji yalikaa ndani ya kikombe hayatikisiki. Nje ya dirisha Zawena alikuwa ameshika nondo kwa mikono yote miwili.

Yalidondoka matone manne.

Wakati huo Mheshimiwa Kitundu alikuwa amegeuka upande mwingine, anapepewa. Hakuwa anahesabu. Naliweka hili wazi kwa sababu mara ya kwanza nilisema mimi ni mtaalamu, na si kweli, au si hilo lililonifanya niandike sita. Kalamu ilikuwa mkononi mwangu, nafasi ilikuwepo, Zawena ananitazama, na niliogopa. Niliandika nne.

Matari akaniwekea kikombe mezani taratibu, asimwage. "Usijali, kaka Hizza," akasema. "Uangalie tu ukuta wa nyuma, mvua ya mwaka huu itakuwa kubwa." Mpaka leo sijui alitaka niangalie nini, ule ukuta hauna kasoro.

Uwindaji Mkuu ulifanyika siku mbili baadaye. Wanyama walikuwa kumi na saba, wengi wahunzi na wapishi. Waziri alikaa jukwaa kuu juu ya mto wake. Mtukufu alifungwa kwenye mbao zake, akavutwa kwa kamba na trekta dogo, akipunga mkono. Tarumbeta ilipolia wanyama walikimbia kutafuta uzio, ila Matari alitembea mpaka katikati ya uwanja akasimama. Kisha akapiga magoti. Watu wa itifaki walidhani anasujudu, wakafurahi. Alikuwa anachota theluji. Alijaza viganja vyote viwili akatia mdomoni, akatafuna unga mkavu, akakohoa, akachota tena. Zilikuwa zimepita siku sita tu tangu atoke kwenye malaria, na alikuwa na njaa ya kupona. Jukwaani nilimeza mate, na nikamsikia aliyekaa kando yangu naye anameza.

Mtukufu alipiga mishale mitatu. Wa kwanza ulichoma tairi la trekta, miwili haikuonekana ilikokwenda. Kilichompata Matari kilitoka kwa mlinzi aliyekuwa nyuma, na hakikuwa mshale. Tangazo la wizara lilisema Mtukufu alilenga shabaha kwa ustadi wa Waziri mwenyewe. Saa sita baridi ikaisha kwa mizinga ishirini na moja, tukavua kofia.

Zawena alifika ofisini kwangu saa saba. Alitaka mwili akauzike. Nilimweleza taratibu, kama ninavyowaeleza wote, kwamba mwili wa raia huombwa hospitali, lakini nyama ya uwindaji ni ya mwindaji, nayo imeshapelekwa kwenye chumba cha barafu cha Ikulu, na kibali cha kuitoa hutolewa na ofisi yetu wakati wa msimu tu. Msimu ulikuwa umekwisha saa moja iliyopita. Nikamwambia arudi Desemba.

Hakulia wala hakunitukana. Nilikuwa nimejiandaa kutukanwa na nadhani kungenisaidia.

"Huko alikowekwa," akauliza, "ni baridi?"

Nikasema ni baridi sana.

"Lile koti wamemwachia?"

Lile koti lilikuwa mali ya serikali, nilikuwa nimelipokea mwenyewe asubuhi na kusaini. Nikaanza kupanga karatasi zangu. Akavua koti lake, koti zito la kahawia alilovaa tangu Desemba kwa amri yetu, akalikunja vizuri mikono ndani, akaliweka juu ya meza yangu.

"Mpelekee."

Akatoka. Gauni lake lilikuwa limelowa jasho mgongo mzima. Nilitafuta kwenye kitabu cha sheria, mwanzo hadi mwisho, na hakuna kifungu kinachoruhusu kumpelekea mnyama nguo. Nikalitundika koti nyuma ya mlango, nikafunga ofisi, nikaenda zangu nyumbani nikitembea upande wenye kivuli.